Picha ya Mkasi

Mtu akija kukuambia kwamba nilimfokea mama mkwe wangu mtarajiwa hadharani, kwenye ngazi za ngome ya kale, asubuhi na mapema, muulize kwanza kama amewahi kushona nguo za familia nzima kwa wiki tatu. Mimi nimeshona. Gauni la mama peke yake nililifumua mara nne, maana kila akija kulijaribu alikuwa amebadili mawazo kuhusu shingo. Wifi alitaka mikono mirefu, halafu mifupi, halafu akarudi kwenye mirefu kana kwamba hakuwahi kutaka mingine. Shati la shemeji lilihitaji kola laini kwa sababu shingo yake huwashwa. Nguo ya nne ilikuwa ya mchumba wangu na ya tano ilikuwa yangu, niliyoishona mwisho kwa kitambaa kilichobaki. Zote zilikuwa buluu iliyopauka, kwa kuwa mpiga picha alisema rangi hiyo inapendeza mbele ya mawe.

Safari ilikuwa wazo la mama. Alikuwa anatimiza miaka sitini na mitano, watoto wametawanyika na kazi zao, na magoti yameanza kumgomea. Alitaka siku nne katika mji wa kale wenye kuta na minara, na alitaka picha za maana, si za simu ya binamu anayekata watu vichwa. Akamtafuta mpiga picha wa kazi, mtu anayesifika kwa kuwapiga picha wageni wanaokuja mapumzikoni. Yule bwana ana utaratibu wake: kabla ya siku ya kazi humwomba mteja orodha ya kila picha, nani asimame wapi na nani apewe kiti, ili asipoteze mwanga wa asubuhi kwa mabishano. Nilijua orodha imetumwa. Kilichoandikwa ndani sikukijua, na sikuwa na sababu ya kuuliza, maana nani anauliza atasimama wapi kwenye picha ya watu wanaomwita mtu wao?

Mchumba wangu ni mpima ardhi, na mimi humwita Mpimaji. Alikuja kwangu miaka miwili iliyopita kufupisha suruali. Akasimama wima nikimpima, hapumui. Wiki iliyofuata akaleta suruali nyingine, na nyingine, na ya nne nikamwambia hii haina tatizo lolote, imekaa sawasawa. Akajibu kwamba anajua. Tangu siku ile sijawahi kumtazama nikabaki na akili zangu zote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka yaliyofuata. Mwisho wa mwezi huu watu wake walikuwa waje kwa baba yangu kuzungumza mambo ya ndoa. Siku ilishapangwa, na mama yangu alishaazima viti.

Basi siku ya picha niliamka kabla ya wote. Nyumba tuliyofikia ilikuwa na pasi moja tu, kwenye korido, na nilinyoosha nguo zote tano nikiwa na kanga begani. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa langoni mwa ngome. Mpiga picha alikuwa ameshafika, kamera mbili shingoni, mtu mpole mwenye kuongea taratibu. Akatupanga. Mama katikati kwenye kiti, shemeji nyuma yake kushoto, wifi pembeni yake, Mpimaji kulia. Mimi nikaambiwa nisimame baada ya Mpimaji, mwisho kabisa.

"Dada, sogea kidogo kulia," akasema mpiga picha. "Kidogo tena. Hapo. Acha nafasi hapo katikati."

Nikaacha. Mtu wa kazi anajua kazi yake, mimi mwenyewe sipendi mteja anayenifundisha kukata kitambaa. Tukahamia ukutani, nikawekwa mwisho, tukaacha nafasi. Tukahamia kwenye mizinga iliyoshika kutu, vilevile. Ninaishi kwa futi ya kupimia, macho yangu hayawezi kuacha kupima hata nikiyakataza. Nafasi ile ilikuwa shibiri moja, kila mahali, haipungui wala haizidi. Mara moja nilinyoosha mkono nimshike Mpimaji kiganja, na mpiga picha akaniomba kwa adabu niushushe.

Kisha wifi akasema sasa tupige za familia tupu. Nikatoka. Nilishikishwa lile duara kubwa la kuakisi mwanga, jeupe upande mmoja na la dhahabu upande wa pili, nikawamulikia nyuso zao kwa dakika ishirini. Mpimaji alinitazama mara mbili, akanikonyeza kama mtu anayesema vumilia, mpenzi, yanakwisha. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikatabasamu.

Tulipopumzika penye kisima kikavu cha ndani, wale wengine walienda kununua maji. Nilibaki na mpiga picha, aliyekuwa anapitia kazi yake kwenye kioo cha kamera. Nikamwomba nione. Akanionyesha kwa furaha, moja baada ya nyingine, akinieleza mwanga ulivyoingia. Mshono wa gauni la mama ulikaa vizuri ajabu. Nikamwambia hata hivyo, ile nafasi inanikera, naonekana kama niliyekuja kuuliza njia.

Akanitia moyo. "Usiwe na wasiwasi, dada. Nimeipima vizuri. Hata wakikukata, bega la mchumba wako haliguswi."

Nikamuuliza nani anakatwa.

Nadhani alisikia sauti yangu ikibadilika, kwa sababu alishusha kamera. Akaeleza kwa kusitasita kwamba kwenye kazi yao picha za namna ile wanaziita picha za mkasi. Familia ikisafiri na mtu ambaye bado hajawa wao, wengi huomba awekwe ukingoni na nafasi ibaki, ili mambo yakiharibika picha isiharibike nayo. Hupiga za hivyo karibu kila mwezi. Kawaida mhusika huwa ameambiwa, wengine hucheka na kukubali. Yeye alidhani na mimi nimeambiwa, tena alinisifu moyoni kwa kuwa na roho nzuri.

Mtu asiniambie habari za ukingo. Mimi kila siku naacha ukingo wa kitambaa makusudi, najua unaachwa ili ukatwe, na sijawahi kuuonea huruma hata siku moja mpaka siku ile.

Nikamwomba hiyo orodha. Hakutaka kunipa, nikanyoosha mkono na kuuacha hapohapo mpaka akanipa simu yake. Nilitarajia namba ya mama. Ilikuwa namba ninayoijua kwa moyo. Na hata ingekuwa imefichwa ningemtambua, kwa sababu hakuna binadamu mwingine anayeandika ujumbe kama ripoti ya kiwanja, kila kipengele na namba yake na nukta yake. Namba moja, Mama, katikati, kiti. Namba mbili, Kaka. Namba tatu, Dada. Namba nne, mimi, kulia kwa Mama. Namba tano, mgeni, mwisho kulia. Acha nafasi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo hizo, kwa bahati mbaya, nilizishona mwenyewe.

Mpimaji alirudi na chupa mbili za maji, moja ameshanifungulia. Nikamwonyesha simu.

"Mgeni ni nani?" nikamuuliza.

Akaitazama simu, akamtazama mpiga picha, akamalizia kwa kutazama viatu vyake. "Mama alikuwa anataja, mimi naandika. Macho yake hayaoni vizuri kwenye simu."

"Sijauliza macho ya mama. Nauliza vidole ni vya nani."

"Vyangu."

"Na hukusema neno."

"Nilitaka kusema. Halafu nikaona ni picha tu. Tukishaoana tutapiga nyingine, utasimama katikati, utakaa hata kwenye kiti ukitaka." Akajaribu kunishika mkono, nikauondoa. "Nilijua nikikuambia utakasirika."

"Kwa hiyo ulijua."

Nilimwambia mengi, na sitayarudia yote kwa sababu mengine hayafai kuandikwa. Nilimwambia kwamba jiwe la mpaka la mtu asiyemjua likisogezwa hatua moja yeye halali, atabishana na mwenye shamba, na diwani, na mbuzi wa jirani. Lakini mimi nasogezwa shibiri baada ya shibiri tangu alfajiri, yeye amesimama hapo anatabasamu na kunikonyeza. Nilimwambia nisingeumia kama angekuwa hajui, kwamba ujinga unasameheka, ila kujua na kunyamaza ni kazi ya kujituma. Mpiga picha alikwenda kusimama mbali akijifanya anafuta lenzi. Aliifuta sana.

Sauti yangu ndiyo iliyowaleta wengine. Mama alikuja taratibu, mkono kwenye ukuta, akakaa kwenye ngazi kupumzisha magoti. Mpimaji akapanda akasimama karibu naye, nadhani bila hata kufikiri. Mimi nikabaki chini, penye upinde wa lango lililo kando ya kisima.

"Kuna nini, fundi?" akauliza mama. "Jua linapanda."

Ndivyo alivyokuwa ananiita siku zote, fundi. Hata siku aliyonikaribisha kwake kwa mara ya kwanza.

"Mama, naomba unikate sasa hivi, nikiwa nasikia," nikamwambia. "Usisubiri nirudi nyumbani."

Wifi akaguna, akasema yeye tangu mwanzo alishauri niachwe nyumbani na cherehani yangu, mambo yasifike huku. Nikamgeukia. Nilimwambia hiyo mikono mirefu aliyovaa imetoka kwenye cherehani hiyohiyo, na kama hataki niwemo kwenye picha basi aivue. Watu wawili waliokuwa wakipita na ramani mkononi wakasimama, wakaona ni ugomvi wa kifamilia, wakaendelea.

Nilitegemea mama atakataa, au atanikaripia. Hakufanya hivyo. Alimtazama shemeji, mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa ameupa mgongo mkutano wote na kusoma kibao cha ukutani.

"Mweleze," akamwambia.

Shemeji akasema hawezi. Basi mama akaeleza mwenyewe, mikono imelala mapajani kwenye gauni nililolifumua mara nne.

"Picha ya mwisho ya marehemu mume wangu tulipiga studio, wote. Mke wa huyu kaka yao nilimweka katikati yetu kwa mkono wangu. Nilimwambia njoo, wewe si mtoto wetu? Akaweka mkono begani kwa mzee. Miezi mitatu mzee akafariki. Mwaka haujaisha mke akaondoka, na maneno aliyotuachia sitayasema hapa. Sasa nikitaka kumwona mume wangu, namwona na yeye. Nilipeleka kwa fundi wa picha amtoe. Akaniambia mkono uko begani, akimtoa yeye anamtoa mzee na bega." Akalinyoosha gauni magotini. "Picha hiyo iko uvunguni mwa kitanda. Mimi sina ubaya na wewe. Unashona vizuri, na mwanangu anakupenda. Ila sijui kama utakaa."

Ukweli ni kwamba hasira yangu ilipoteza pa kushika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na pale ngomeni unyasi nilikuwa mimi. Nilimwona mama akiinama uvunguni na magoti yale, akiitoa picha, akiirudisha. Nikataka kulia, na nikakasirika tena kwa kutaka kulia.

"Mama, nimekuelewa," nikamwambia. "Wewe una kidonda, ingawa dawa yake umenipaka mimi. Lakini huyu hana kidonda. Yeye ana nini?"

Tukamtazama Mpimaji wote. Hata shemeji aliacha kusoma kibao.

"Hilo muulize mwenyewe," akasema mama. "Mimi nilitaja. Sikumshika mkono kuandika."

Mpimaji alikuwa na macho mekundu. Akasema alitaka amani tu, siku nne za amani, mama afurahi, mimi nifurahi, kila mtu apate anachotaka. Nikamwambia amani aliyoinunua aliilipia kwa kitu changu. Akauliza afanye nini ili nimwamini. Hakuuliza kwa kunibembeleza. Aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui, na ningeweza kumhurumia kama singekuwa nampenda.

"Mpigie baba yangu," nikamwambia.

"Sasa hivi?"

"Mwisho wa mwezi unaingia kwake na ndugu zako, unakaa kwenye kiti alichoazima mama yangu, unamwomba binti. Ana haki ya kujua unamwomba binti au mgeni. Mwambie ulichoandika."

"Na nikishindwa?"

"Basi mama amepima vizuri kuliko sisi wawili."

Aliitazama simu yake muda mrefu. Nilihesabu mawe ya upinde ili nisimtazame, nikafika kumi na saba nikapotea. Kisha nikasikia inaita.

Baba yangu ni fundi wa kufuli. Saa kama ile huwa ameshafungua karakana, mikono ina grisi, na simu huiweka mezani ikiwa na sauti kubwa kwa kuwa hawezi kuishika. Mpimaji naye aliweka sauti kubwa. Tulisikia tupa ikisugua chuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko? Picha zinakwendaje?"

Akamwambia. Alianza vibaya, akarudi, akaanza tena. Alieleza orodha, ukingo, na ile nafasi ya kukatia. Mimi nilikuwa nasubiri neno moja, nilikuwa na hakika litakuja, lile la mama alikuwa anataja. Mama mwenyewe alilisubiri. Alipoona halifiki akafungua kinywa alitie yeye, na Mpimaji akamwinulia kiganja.

"Niliandika mgeni, baba. Badala ya jina lake. Nilijua ni makosa, nikatuma."

Tupa ikanyamaza. Sikumbuki karakana ya baba ikiwa kimya hivyo saa za kazi. Wifi alianza kuchezea kifungo cha mkono wa gauni lake.

"Yeye yuko wapi?" akauliza baba.

"Yuko hapa. Anasikia."

"Na wewe umesimama wapi?"

"Karibu naye, baba."

Alikuwa ngazi ya nne, bega lake karibu na kichwa cha mama yake. Mimi nilikuwa chini penye lango, na kati yetu kulikuwa na hatua kumi, ngazi pamoja na sakafu ya mawe.

"Si kweli, baba," nikasema kwa sauti ya kumfikia. "Yuko kwa mama yake."

Baba hakumkaripia. Alipumua tu, kama anavyopumua ufunguo ukikataa kuingia, akasema, "Haya. Nasubiri."

Mpimaji akashuka. Ngazi zile ni za zamani, zimelika katikati, mtu hawezi kuzishuka haraka akitaka kubaki na heshima yake. Ilibidi apite mbele ya mama. Nilimwangalia mama, nikadhani atasema kitu, au atamshika suruali. Alivuta miguu yake pembeni ili kijana apite, kwa shida, kwa sababu ya magoti, kisha akageuza uso ukutani.

Alifika. Hakunishika, alijua hajaruhusiwa. Alisimama kando yangu hadi bega lake likagusa langu, na nilihisi lilivyokuwa la moto ndani ya shati nililolishona. Moyo wangu, ambao sikuutuma, ulifanya kazi yake ya siku zote. Nikaichukua simu mkononi mwake.

"Amefika, baba."

"Umemsamehe?"

Nilimtazama Mpimaji machoni kwa mara ya kwanza tangu penye kisima. Alikuwa amesikia swali, na hakujaribu kunijibia.

"Hilo usiniulize leo," nikamwambia baba. "Wala mwisho wa mwezi. Viti virudishwe kwa wenyewe, nikiwa tayari nitasema."

Mpimaji aliyasikia yote, neno kwa neno. Nilisubiri nione kama atasogea. Hakusogea.